Kubadilisha Injini ya Volkswagen T3: Mwongozo Kamili wa Kufunga Subaru EJ22 Kwenye Veni ya Kambi

Ukitaka kubadilisha injini ya veni ya kambi ya zamani, usianze kwa kuuliza ipi ina nguvu. Anza kwa kuangalia giaboksi uliyonayo inaweza kubeba nini, na maji yatapita wapi. Karibu injini yoyote inaweza kulazimishwa kuingia kwenye nafasi yake. Kazi nyingi za namna hii hazifi kwa sababu ya pistoni wala krankishafti. Zinakufa kwa sababu gari linachemsha kwenye mlima mrefu, au kwa sababu waya ziliungwaungwa hadi hakuna fundi umeme anayetaka kuzigusa.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo: kutoa injini asili ya Volkswagen T3 na kuweka injini ya Subaru iitwayo EJ22. Nimeichagua kwa sababu imefanywa na watu wengi, vifaa vyake vinapatikana, na injini zote mbili ni boxer, yaani silinda zimelala ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto. Kama gari lako ni jingine, vipimo vitabadilika lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Ijue veni yako kwanza

T3 ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1979 na iliendelea hadi 1990. Ile ya Syncro, inayovuta magurudumu manne, iliunganishwa Graz, Austria, hadi 1992. Afrika Kusini waliendelea kuitengeneza hadi 2002. Mwanzoni injini zilipozwa kwa hewa: lita 1.6 yenye nguvu ya farasi 50, na lita 2.0 yenye farasi 70. Mwaka 1981 ikaja dizeli ya lita 1.6, nayo farasi 50. Mwishoni mwa 1982 ikaingia boxer ya maji ya lita 1.9, kisha ya lita 2.1 kuanzia 1985. Yenye nguvu kuliko zote katika boxer hizo, DJ, ilifika farasi 112.

Ukipakia maji, chakula, vitanda na familia, veni ya kambi hupita tani mbili bila shida. Farasi 50 kwa mzigo huo ni mateso. Boxer ya maji inavuta vizuri zaidi, ila ina ugonjwa wake: gasketi ya mpira inayozuia maji kati ya hedi na bloku. Koolanti isipobadilishwa kwa miaka, kutu hula uso wa hedi mahali mpira unapokaa, na maji yanaanza kuchuruzika. Ndipo wengi wanapofikiria injini nyingine.

Inama chini ya gari lako uangalie una nini. Kama ni la maji tangu kiwandani, nusu ya ugumu umeshaupita: rejeta iko mbele, mabomba yanapita chini ya sakafu, hita ipo. Kama ni la kupozwa kwa hewa, utahitaji rejeta, mabomba, tangi la koolanti, hita na nafasi ya hewa kuingia kwenye pua ya gari. Inawezekana, lakini ni sawa na kufanya kazi mbili kwa pamoja. Ushauri wangu ni utafute T3 ya maji iliyochakaa bodi uvue kila kitu, au uifufue injini yako ya hewa na uishi nayo.

Kama ni dizeli, hausingi ya klachi ni tofauti na ya petroli, na gia zake ni fupi sana. Hapo njia ya mkato ni dizeli nyingine ya Volkswagen, kwa mfano 1.9 TDI yenye msimbo 1Z au AHU, farasi 90 na msokoto wa Nm 202. Inakaa imelazwa kwa nyuzi 50 kama ile ya awali, na itahitaji sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya dizeli ya T3 ili oili ikae sawa kwenye mlalo huo. Lakini tafuta pia gia ya nne ndefu zaidi, la sivyo utakuwa na nguvu usiyoweza kuitumia, injini ikilia kwenye barabara kuu.

Kwa nini EJ22

Ni lita 2.2 na nguvu ya farasi takriban 130 hadi 135, kwa hiyo giaboksi ya T3 inaivumilia ikiendeshwa kwa adabu. Inazunguka upande uleule na ya Volkswagen, hivyo hakuna haja ya kupindua difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Zile za kuanzia 1990 hadi 1996 zina sifa nyingine ninayoithamini sana: taiming belti ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Gari linazima, unavutwa hadi gereji, unafunga belti mpya, basi. Kuanzia 1997 sifa hiyo iliondoka.

Watu huvutiwa na EJ25 kwa sababu ni kubwa zaidi. EJ25 za mwanzo, zenye kamshafti mbili kila upande, zinajulikana kwa kupasuka gasketi za hedi. Kuondoa injini yenye ugonjwa wa gasketi na kuweka nyingine yenye ugonjwa huohuo hakuna faida. Chukua EJ22.

Sheria na bima, kabla ya spana

Usiliache hili mwisho. Uingereza unatakiwa kuijulisha DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, namba mpya ya injini, ujazo, na aina ya mafuta ikibadilika. Ujerumani mabadiliko makubwa kama haya hukaguliwa na mhandisi anayetambuliwa, kama wa shirika la ukaguzi la TÜV, ndipo yaandikwe kwenye hati za gari. California injini mpya inatakiwa iwe ya mwaka uleule na gari au ya baadaye, ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi, na ipitishwe na mkaguzi maalumu wa serikali. Popote ulipo, uliza kwa mamlaka ya magari na kwa kampuni ya bima kabla hujanunua chochote. Majibu yao yanaweza kubadilisha hata mwaka wa injini utakayotafuta.

Nunua gari zima, si injini peke yake

Ukiweza, nunua Subaru Legacy iliyogongwa lakini bado inawaka. Utaiendesha au kuiwasha, utasikia injini, utapima mgandamizo wa silinda, utaona kama inachemsha. Halafu utapata kila kitu kidogo ambacho ukikinunua kimoja kimoja kinamaliza mfuko: kompyuta ya injini, mkungu mzima wa waya, rilei, sensa zote, boksi la filta ya hewa na mita yake, alterneta, soketi za uchunguzi.

Hakikisha kompyuta na waya vinatoka kwenye gari moja na injini. Mwaka mmoja wa tofauti unaweza kubadilisha mpangilio wa pini. Angalia pia matundu ya ekzosi: hedi za mapema zina matundu mawili kila upande, za baadaye zina moja tu, na ekzosi ya kununua lazima ilingane na hedi uliyonayo.

Unapotoa mkungu wa waya usikate hata mmoja. Ng'oa soketi, bandika karatasi yenye jina kwenye kila moja, piga picha, ndipo uvute wote kutoka nyuma ya dashibodi hadi kwenye injini. Inachosha mgongo, lakini siku ya kuunganisha utashukuru.

Fufua injini ikiwa nje

Ikiwa kwenye stendi, kila kitu kinafikika. Ikiwa ndani ya T3, mengine hayafikiki bila kuishusha tena. Kwa hiyo badilisha sasa: taiming belti na puli zake, pampu ya maji, themostati, oili sili za kamshafti na krankishafti mbele na nyuma, plagi na waya zake. Themostati iwe ya Subaru yenyewe. Nyingi za bei nafuu zina tundu dogo zaidi, na kwenye gari hili tofauti hiyo utaiona kwenye geji.

Sehemu mbili nazisisitiza. Ya kwanza ni pampu ya oili: ifungue ugeuze nyuma. Kuna skrubu zinazoshika bamba lake, na zina tabia ya kulegea zenyewe baada ya miaka. Zisafishe, paka gundi ya nyuzi, zikaze, na uweke ringi mpya ya mpira kabla ya kuirudisha. Ya pili ni bamba la kutenganisha oili na mvuke, nyuma ya injini, karibu na flaiwili. Kwenye injini nyingi lilikuwa la plastiki, nalo hupinda na kuvuja. Weka la chuma.

Kushusha ya zamani

Ondoa waya wa betri. Funga gesi ya jiko, na kama mtungi umefungwa chini ya bodi, utoe kabisa kabla ya kazi yoyote ya kulehemu. Mwaga koolanti kwenye ndoo, ni sumu na ina utamu unaovutia wanyama. Weka gari kwenye stendi imara, si kwenye jeki.

Injini ya T3 inatoka kwa nyuma ikishuka chini. Unaweza kuitoa peke yake na kuacha giaboksi ikining'inia, ukiwa umeitegemeza. Mimi napendelea kutoa vyote viwili pamoja, kwa sababu giaboksi inahitaji kukaguliwa hata hivyo: oili sili ya shafti ya kuingilia, beringi ya klachi, bushi za uma wake.

Ukitoa shafti za magurudumu utakutana na boliti za vichwa vya meno kumi na mawili kwa ndani, sita kila upande. Vichwa hivyo huwa vimejaa grisi na mchanga. Chukua msumari mwembamba na kitambaa, safisha kila kimoja hadi uone chuma kwenye kitako, kisha gonga biti kwa nyundo nyepesi hadi ikae yote ndipo uzungushe. Ukiharakisha meno yanalika, na boliti moja iliyolika inaweza kukumalizia siku. Wakati wa kurudisha, kaza hadi Nm 45.

Chumba cha injini kikiwa kitupu, kioshe, toa kutu, paka rangi. Badilisha mipira yote ya mafuta kutoka kwenye tangi bila kuiangalia mara mbili. Mipira mikavu ya petroli ndiyo chanzo cha moto kwenye magari haya, na juu ya moto huo ndipo mtu analala.

Kuunganisha injini na giaboksi

Hapa unanunua, hutengenezi. Bamba la adapta kati ya EJ22 na hausingi ya T3 linatakiwa kuwa sahihi kwa sehemu ndogo za milimita, la sivyo shafti ya giaboksi inapinda kidogo kila mzunguko na beringi zinakufa mapema. Kampuni kama Kennedy Engineered Products ya Marekani zimetengeneza adapta na flaiwili hizi kwa miaka mingi. Klachi pleti na presha pleti ziwe za T3 ya boxer ya maji, mpya, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili isisahaulike.

Kibeba injini cha nyuma nacho hubadilishwa kwa cha kit (seti ya vifaa vya kubadilishia injini). Kikikaa, pima kwa macho na kwa rula kwamba injini na giaboksi ziko kwenye mstari mmoja kabla ya kukaza boliti za maunti.

Kisha sampu. Sampu ya Subaru inaning'inia chini sana kwenye T3, na jiwe moja barabarani linaitoboa. Inawekwa fupi, pamoja na bomba fupi la kunyonya oili. Usiamini kwamba bomba na kitako cha sampu vimeachana vya kutosha. Weka donge la udongo wa kuchezea kwenye kitako, funga sampu kwa muda, fungua, pima unene wa udongo uliobanwa, ulinganishe na kipimo cha aliyeitengeneza. Na kwa kuwa oili sasa ni kidogo kuliko ya awali, kijiti cha kupimia hakisemi kweli tena. Mimina kiasi kilichotajwa kwa sampu hiyo, subiri itulie, weka alama mpya kwa msumeno.

Maji

Soma sehemu hii polepole, maana hapa ndipo kazi nzuri zinapoharibika.

T3 ina zaidi ya lita 15 za koolanti, nyingi ikiwa kwenye mabomba marefu yanayokwenda mbele na kurudi. Subaru ilitengenezwa na rejeta ikiwa hatua moja mbele yake. Injini haijui kwamba maji baridi sasa yako mita kadhaa mbali.

Themostati ya EJ22 iko chini, kwenye mlango wa kuingilia pampu, si juu yanapotokea maji ya moto. Inafunguka kwa kuhisi maji yanayorudi kutoka kwenye hita, ambayo kwenye Subaru yanazunguka muda wote. Sasa angalia T3: ina valvu inayofunga maji ya hita dereva asipotaka joto. Ukiunganisha hita moja kwa moja, ukifunga hita siku ya jua, maji ya moto hayaifikii themostati. Injini inapanda joto huku themostati ikiwa imefungwa kwa sababu pale ilipo bado ni baridi. Baadaye inafunguka ghafla, maji baridi ya rejeta yanaingia kwa wingi, inafunga tena. Geji inacheza juu na chini, na mtu anaanza kubadilisha rejeta, feni na pampu bila mafanikio.

Dawa ni njia ya pembeni: kiungo cha T kwenye paipu ya kwenda hita na kingine kwenye ya kurudi, vimeunganishwa kwa paipu ambayo haifungwi kamwe. Hita ikifungwa, maji bado yanazunguka na kuigusa themostati.

Bomba la juu la maji la Subaru linaelekea upande usiofaa kwa T3. Ama unaligeuza kwa kulikata na kulilehemu upya, ama unanunua lililogeuzwa. Kutoka sehemu yake ya juu kabisa, peleka paipu nyembamba hadi kwenye tangi la koolanti ili hewa itoke yenyewe. Tangi likae juu kuliko injini yote. Feni ya mbele iache kama ilivyo: swichi yake ya joto iko kwenye rejeta, haihitaji kompyuta.

Mabomba ya chini ya sakafu yakiwa yana kutu au nyufa kwenye ncha, weka ya chuma kisichoshika kutu. Hutapata nafasi nzuri kama hii tena.

Waya

Mkungu wa Subaru una waya za taa, vioo, redio na mambo mengine usiyoyahitaji. Utandaze kwenye meza ndefu, uwe na mchoro wa umeme wa mwaka wako hasa, na utoe waya moja moja ukiifuata kutoka pini hadi mwisho wake. Ukimaliza, kinachobaki ni injini, kompyuta, na waya chache za kuunganisha na gari: umeme wa kudumu kutoka kwenye betri ili kompyuta ihifadhi kumbukumbu, umeme wa swichi ya ufunguo, umeme wa stata, rilei kuu, rilei ya pampu ya mafuta, taa ya onyo la injini, na athi (waya za kurudisha umeme kwenye chuma cha gari). Athi za Subaru zifungwe kwenye bloku ya injini palepale zilipokuwa, na bloku iwe na waya mnene hadi kwenye bodi. Hitilafu nyingi zinazoitwa za kompyuta ni athi mbovu.

Ishara ya spidi husahaulika. Kompyuta ya Subaru inataka kujua gari linakwenda au limesimama. Isipopata, taa ya onyo inawaka, na mara nyingi injini inazima unapokaribia kusimama, kwa sababu haijui ishike mzunguko upi. Spidomita ya T3 inaendeshwa kwa kebo kutoka gurudumu la mbele kushoto, kwa hiyo funga sensa ya mzunguko kwenye kebo hiyo na upeleke waya nyuma.

Sensa ya joto ya geji ya Volkswagen iwekwe kwenye mkondo wa maji ya moto. Sensa ya Subaru ni ya kompyuta peke yake. Soketi za uchunguzi ziache zikiwa mahali zinapofikika.

Kompyuta iweke ndani, pakavu, mbali na sinki na tangi la maji.

Mafuta, hewa, ekzosi

EJ22 inahitaji pampu ya presha, kati ya bar 2.5 na 3, na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi. T3 yenye noza tayari ina vyote viwili, ya kabureta haina pampu hiyo. Mita ya hewa ikae mahali palepale kwenye mkondo kama ilivyokuwa Subaru, paipu zake zisiwe na ufa. Ekzosi ipite mbali na paipu za mafuta na buti za shafti, na sensa ya oksijeni iwe kabla ya kikatalisti (kifaa cha kusafisha moshi).

Kuiwasha

Toa rilei ya pampu ya mafuta, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya presha ya oili izime. Rudisha rilei, washa. Ukisikia inaunguruma, usiifurahie bado. Zunguka na tochi utafute mafuta yanayovuja. Kizima moto kiwe karibu na mkono wako.

Kutoa hewa kwenye maji: inua pua ya gari hadi rejeta iwe juu ya injini. Fungua skrubu ya hewa juu ya rejeta, valvu ya hita wazi. Injini ikizunguka karibu mara 2000 kwa dakika, endelea kujaza tangi hadi mkondo usio na mapovu utoke kwenye skrubu. Funga. Subiri feni iwake na kuzima yenyewe. Kisha funga hita na usubiri feni tena. Jaribio hilo la pili ndilo linaloonyesha kama njia ya pembeni inafanya kazi.

Barabarani

Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo. Ukirudi, acha ipoe, ongeza koolanti, kaza klipu zote. Ya pili, tafuta mlima mrefu na upande kwa gia ya tatu, mguu ukiwa chini, ukiangalia geji. Ikipanda kidogo na kutulia, uko salama. Ikipanda na kuendelea kupanda, simama. Bado kuna hewa, au njia ya maji imebanwa mahali. Baada ya kilomita 1,000 badilisha oili, kaza upya boliti za maunti, za adapta unazozifikia na za shafti.

Bandika karatasi ndani ya mfuniko wa injini, ndani ya plastiki isiyopitisha maji: aina ya injini na mwaka wake, filta ya oili, themostati, taiming belti, kiasi cha oili kwenye sampu fupi, klachi ya gari gani, na kilomita ulizobadilisha belti. Ukikwama ugenini, fundi atakayefungua mfuniko ataona nembo ya Volkswagen mlangoni na kuagiza vipuri vya Volkswagen.